Mkono Kichwani

Mkono wa kulia wa kinyozi ulikuwa unauma. Ulianza kuuma baada ya ajali ya gari, na haukuacha.

Ajali yenyewe haikuwa ya kutangazwa redioni. Kinyozi alikuwa anatoka kununua vifaa vya duka lake. Alipanda teksi, akakaa mbele karibu na dereva. Teksi ilisimama kwenye taa. Gari la nyuma halikusimama. Kichwa cha kinyozi kilirushwa mbele, kikarudishwa nyuma, basi. Hakuna aliyetokwa na damu. Dereva alizisikitikia taa zake zilizovunjika kuliko alivyomsikitikia abiria wake. Kinyozi akajipapasa, akajiona mzima, akaokota chupa zake za spiriti na kumalizia safari kwa miguu.

Kesho yake shingo ilikakamaa. Baada ya siku chache ikalegea, na nyumbani wakamshukuru Mungu. Ndipo mkono ukaanza.

Maumivu yalitokea nyuma ya bega, yakashuka mpaka kwenye kidole gumba na kidole cha shahada. Mara yalichoma kama waya wa umeme uliochubuka. Mara vidole vilikufa ganzi, akawa anavipigapiga pajani ili kuviamsha.

"Nenda hospitali," mkewe alimwambia.

"Nikaseme nini? Niangalie. Unaona kidonda?"

"Usiku kucha unaugulia."

"Ni uchovu tu. Mtu anayeinua mkono mchana kutwa lazima achoke."

"Umeuinua mkono huo tangu hatujaoana. Hukuwa unalia."

"Silii."

"Basi huyo ninayelala naye ni nani?"

Kinyozi alikuwa na hesabu yake kichwani. Ajali humuumiza mtu papo hapo. Kama mkono ungeumizwa na ajali, ungeuma palepale penye taa. Huu ulisubiri, kwa hiyo ajali haihusiki. Hesabu hiyo ilimtosha. Akaupaka mkono dawa ya kuchua mpaka nyumba nzima ikanuka. Akanunua dukani vidonge vya maumivu, akawa anavimeza asubuhi na jioni, mpaka tumbo nalo likaanza kuwaka moto.

Kitu kimoja tu kilimpa nafuu, na alikigundua mwenyewe. Akiuinua mkono na kuuweka juu ya kichwa, kiganja kikalala utosini, maumivu yalipungua. Jioni alikuwa anakaa hivyo kwenye kochi, amefumba macho.

Mkewe hakutaka kuiona hali hiyo.

"Toa mkono kichwani. Nani kafa?"

"Napumzika tu."

"Mkono kichwani ni wa msibani. Mtu akichungulia dirishani atakuja kutupa pole, na sisi hatujafiwa. Utoe, usituitie mabaya."

Kinyozi akautoa, na mkono ukarudi kuuma. Tangu siku hiyo akiutaka unafuu wake alikwenda kujifungia bafuni. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mkono kichwani, mpaka watoto walipogonga mlango.

Duka lake lilikuwa na viti viwili vya kuzunguka mbele ya kioo kirefu. Kiti cha kwanza kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha mwenzake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipara kwa sababu kichwani hakuwa na hata unywele mmoja. Wateja wageni walisita kukikalia kiti chake. "Zako zimekushinda," walimwambia, "zangu utaziwezea wapi?" Kipara alicheka, akawanyoa vizuri, na waliporudi walimtaka yeye.

Duka hilo lilikuwa na sifa moja. Mteja akishanyolewa, alifutwa uso kwa taulo la moto. Kisha Kipara alikishika kichwa chake, mkono mmoja kidevuni, mwingine kisogoni. Alikigeuza taratibu, halafu ghafla akakizungusha upande, shingo ikalia. Ko. Akageuza upande wa pili. Ko. Mteja alisimama akitabasamu. Wengine walikuja nywele zikiwa bado fupi, wakitaka hiyo ko tu.

Kwa hiyo Kipara alipomwona mwenzake anakung'uta mkono, alijua la kufanya.

"Kaa kitini, kaka. Tunawafanyia watu wa njiani, nitakuachaje wewe?"

Kila jioni kabla ya kufunga duka, kinyozi alikaa, na Kipara akaigeuza shingo yake. Njiani alijisikia mwepesi. Akifika nyumbani mkono uliuma kuliko asubuhi.

"Jana ililia vizuri," Kipara alimwambia.

"Iliyolia ni shingo. Mkono uko vilevile."

"Basi leo tutaikaza kidogo."

Waliikaza. Baada ya hapo kinyozi akaanza kuangusha vitu. Kwanza kitana. Kisha brashi. Kisha mashine yenyewe, ikaangukia mguu wa mteja. Akasingizia jasho. Ndevu za wembe akaanza kumpelekea Kipara, akisema macho yamechoka. Akajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Hakumwambia mtu. Kinyozi asiyeweza kushika wembe ni mtu tu mwenye viti viwili na kioo, na yeye hilo alilijua.

Mteja mmoja hakukubali kupelekwa kwa Kipara. Huyo alikuwa baba mkwe wake, seremala aliyestaafu, mzee wa maneno.

"Kidevu changu hakishikwi na mtu baki," alisema. "Nilikuoza binti ili ninyolewe vizuri. Fanya kazi."

Siku hiyo kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja jirani, anasubiri kupunguzwa nywele. Alikuwa muuguzi, na wote walimwita Sista. Alikuwa anasoma gazeti la zamani, lakini baada ya muda akaliacha. Aliona mkono wa kinyozi unavyotembea, unasimama, unatembea tena.

Kinyozi alipofika chini ya kidevu, kidole gumba kikafa ganzi. Wembe ukateleza. Mstari mwekundu ukajichora kwenye shingo ya mzee, na damu ikaanza kushuka kwenye kitambaa cheupe.

Sista aliinuka kabla mtu mwingine hajainuka. Akachukua taulo safi, akaligandamiza pale.

"Si kirefu," alisema. "Tulia, mzee. Usiongee."

Mzee aliongea. "Nilikupa binti mzima. Ndiyo shukrani yako?"

"Nisamehe, baba," kinyozi alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika kuliko wa aliyekatwa. "Mkono umeniponyoka."

Damu ilipokata, Sista alimgeukia kinyozi.

"Fundi, mkono una nini?"

"Umechoka tu, Sista."

"Shika vidole vyangu. Mkono huu na huu. Vibane kwa nguvu zako zote."

Kinyozi akabana. Mkono wa kushoto ulibana mpaka Sista akakunja uso. Wa kulia ulishika kama wa mtoto mchanga.

"Ganzi iko vidole vipi?"

"Gumba na hiki."

"Maumivu yanatokea wapi?"

"Nyuma ya bega. Yanashuka."

"Ulianguka? Uligongwa?"

"Hapana. Teksi iligongwa kwa nyuma, lakini hiyo ni zamani, na mimi sikuumia."

Sista akashusha pumzi. "Shingo siku ile haikuuma?"

"Ilikakamaa kidogo. Ikaacha yenyewe."

"Miguu ikoje? Ina nguvu? Hujikwai ovyo?"

"Miguu mizima."

"Na choo, na mkojo? Unaweza kuzuia kama kawaida?"

Kinyozi alimtazama baba mkwe wake kwa aibu. "Kawaida," alijibu.

"Nashukuru. Kama kimojawapo cha hivyo kingekuwa kibaya, au mikono yote miwili ingekufa ganzi, ningekupeleka sasa hivi na kitambaa chako begani. Lakini kesho uende hospitali. Si keshokutwa. Mkono unaouma ni jambo moja. Mkono unaopoteza nguvu ni jambo jingine."

Kipara alikuwa anasikiliza pembeni. Sasa akasogea. "Sista, sisi hatukumwacha hivihivi. Kila jioni ninamnyoosha shingo."

"Unamnyoosha vipi?"

Kipara akaonyesha kwa mikono hewani. Ko, akasema kwa mdomo.

Sista alimtazama. "Mtu ametoka kwenye ajali ya gari. Hakupigwa picha. Hamjui ndani kumetokea nini. Na wewe unaizungusha hiyo shingo."

"Haijamdhuru mtu, Sista. Ninaifanya miaka yote."

"Umejuaje? Huwa unawafuata nyumbani?"

Kipara akashusha mikono.

"Ndani ya shingo mna mishipa ya damu inayopeleka damu kichwani," Sista alisema. "Mna uti wa mgongo. Ukiigeuza kwa nguvu siku mbaya, mtu anaweza kupooza kwenye kiti hicho. Hata asiyepata ajali. Usimguse tena."

"Na mimi mnanipaka nini?" mzee akauliza. "Au ninyi mnatibu vinyozi tu?"

Kesho yake kinyozi alikwenda hospitali. Mkewe alikuwa anapiga pasi kwa dobi. Aliomba ruhusa akamsindikiza, kwa sababu alimjua mumewe. Akiachwa peke yake angemwambia daktari kwamba hajambo, akarudi.

Walikaa kwenye foleni, wakaitwa. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Hakuanza na mkono. Alianza na ajali. Kinyozi alikuwa amekaa wapi, gari liligongwa upande gani, kichwa kilikwenda wapi. Akamgongagonga kwa nyundo ndogo ya mpira kwenye kiwiko. Akampitishia pamba vidoleni. "Unaisikia? Na hapa?" Kwenye gumba kinyozi hakuisikia. Akamwambia asukume, avute, apanue vidole.

"Kuna namna yoyote ya kuuweka mkono ambayo inakupa nafuu?" daktari aliuliza.

Kinyozi akaangalia sakafu. "Hakuna."

Mkewe alimtazama.

"Ipo," alisema. "Huwa anauweka kichwani, daktari. Mimi ndiye ninayemkataza. Nilimwambia anatuitia msiba. Siku hizi anakwenda kujificha nao bafuni, anadhani sijui."

Kinyozi akageuka. "Ulikuwa unajua?"

"Nani anaoga saa nzima akatoka mkavu?"

Daktari hakucheka, lakini alikaribia kucheka. "Uweke sasa," alisema.

Kinyozi akauinua mkono, akauweka utosini. Uso wake ukalegea palepale, na mkewe akauona unavyolegea. Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Mama, usimkataze tena," daktari alisema. "Mkono wenyewe unatuambia ugonjwa uko wapi. Ungekuwa ni bega bovu, kuuinua hivyo kungemuumiza zaidi. Huyu anapata nafuu kwa sababu akiuinua, mshipa wa fahamu unalegea. Mkono si mgonjwa. Mgonjwa ni shingo."

"Lakini shingo hainiumi," kinyozi alisema.

"Unatumia mashine ya umeme ya kunyolea?"

"Ndiyo."

"Mguu wa kiti ukikanyaga waya wake, mashine inafanyaje?"

"Inakatakata. Inawaka, inazima."

"Utaipaka mashine mafuta?"

Kinyozi akaikumbuka ile dawa ya kuchua, chupa baada ya chupa.

"Mishipa ya fahamu ya mkono inatokea shingoni," daktari aliendelea. "Inapita kati ya mfupa na mfupa. Kati ya mifupa hiyo kuna kitu laini kama mto mdogo. Gari lilipogongwa, shingo ilirushwa mbele na nyuma. Nadhani mto mmoja ulisogea, ukavimba, ukaukanyaga waya. Si lazima uanze kuuma siku ileile. Wengi huanza baada ya siku, wengine baada ya wiki. Kwanza tupige picha, tujue mifupa iko salama."

Walikwenda chumba cha picha. Mifupa ilikuwa salama. Kinyozi akamsimulia daktari habari za Kipara na ko yake. Daktari aliiangalia tena picha ile, akasema huyo Kipara ana bahati kuliko mgonjwa.

"Nitapona?" kinyozi aliuliza. Hilo ndilo swali aliloliogopa tangu kitana kilipoanguka. "Mimi nakula kwa mkono huu, daktari. Watoto wanakula kwa mkono huu."

"Wengi hupona bila kupasuliwa. Lakini waya uliokanyagwa muda mrefu huchelewa kuamka, na pengine hauamki wote. Ungekuja mapema ningekuwa na maneno matamu zaidi. Umechelewa, ila hujachelewa kabisa. Vidonge vile vya dukani acha, vitakutoboa tumbo. Nitakupa vingine, na utavimeza kama nilivyoandika. Ukiona nguvu zinazidi kupungua, rudi. Tutapiga picha kubwa zaidi, na mpasuaji atakuona. Miguu ikilegea, au mkojo ukakushinda, usisubiri hata saa moja."

Akampeleka kwa mtaalamu wa viungo, mtu anayetibu kwa mazoezi. Huyo alikuwa bwana mnene mwenye mikono mizito, na kinyozi alipoiona aliishika shingo yake kwa hofu.

"Sitaizungusha," mtaalamu alisema. "Utaifanyia kazi mwenyewe. Kaa wima. Sasa rudisha kidevu nyuma, kama mtu aliyeletewa soksi ya wiki nzima puani. Usiinamishe kichwa. Kirudishe tu. Polepole. Hivyo."

"Ni hilo tu?"

"Hilo tu, kila siku, na mengine nitakuongezea nguvu zikirudi. Ukisikia maumivu yanashuka zaidi mkononi, acha uje uniambie. Jiangalie kwenye kioo wakati wa kufanya. Wewe huna shida ya vioo."

Akamuuliza jinsi anavyofanya kazi. Kinyozi akaonyesha, ameinama, shingo mbele kama kobe, kiwiko juu.

"Kiti chako kinapanda?"

"Kinapanda."

"Basi kipandishe mteja akufikie, badala ya wewe kumfuata chini. Mzunguke kwa miguu. Kiwiko kikae karibu na mbavu. Na ulalie mto mmoja, si mlima wa mito. Wembe uache kwanza."

Nyumbani, kinyozi aliketi kwenye kochi. Mkewe alikuja, akaushika mkono wake wa kulia, akauweka kichwani mwa mumewe.

"Ukae hapo," alisema. "Atakayechungulia achungulie."

Hazikupita siku nyingi mwanamke wa nyumba ya pili akachungulia kweli. Akabisha hodi kwa sauti ya chini. "Jamani, kuna msiba?"

"Kuna shingo," mke wa kinyozi alimjibu. "Karibu."

Dukani, Kipara alinyoa kwa viti vyote viwili. Kinyozi alifagia kwa mkono wa kushoto, akatunza zamu za wateja, na mbele ya kioo akarudisha kidevu nyuma, huku wateja wakimuuliza kuna harufu gani. Mteja alipomaliza kufutwa uso na kukaa akisubiri ko, Kipara alimvua kitambaa.

"Bado shingo," mteja alisema.

"Hatufanyi tena."

"Mimi nimelipia nywele na shingo."

"Shingo nakurudishia nzima. Nenda nayo nyumbani."

Wengine walicheka. Wengine walikasirika, wakavuka barabara kwenda duka la pili ambako ko bado inalia. Kipara aliwatazama wakivuka. "Waende," alisema. Hakusema kwa furaha.

Mkono haukurudi kwa siku moja. Kwanza maumivu yaliacha kumwamsha usiku. Kisha akaweza kufunga vifungo vya shati. Kisha mtaalamu wa viungo akampa mpira laini aubane, na alipoubana ukabonyea. Siku hiyo alitoka hospitali akiwa ameushika mpira ule hewani kama kikombe cha ubingwa. Akaanza na mashine, kichwa kimoja kimoja. Wembe aliuacha mpaka mtaalamu aliporidhika.

Baba mkwe alikuwa wa kwanza. Aliingia, akaketi kwenye kiti cha kwanza, akainua kidevu.

"Lete wembe."

"Baba, Kipara yupo. Anaweza..."

"Nimemtaja Kipara?"

Kinyozi akakipandisha kiti. Akaweka kiwiko karibu na mbavu, akamzunguka mzee kwa miguu. Wembe ukatembea chini ya kidevu, ukapita juu ya kovu, ukatoka upande wa pili. Kipara alikuwa ameacha kichwa cha mteja wake nusu, anatazama. Mzee akajipapasa shingo, akakiangalia kiganja chake kama kina damu. Hakikuwa na damu.

"Huku umeacha," alisema. "Rudia."

Kinyozi anafanya kazi mpaka leo. Analala usiku. Anambeba mtoto wa mwisho kwa mkono wa kulia.

Vilivyoondoka ni hivi. Wateja wa ko walivuka barabara, na wengi hawakurudi. Kwa msimu mzima mkewe alileta nyumbani nguo za majirani, akazipiga pasi zaidi ya zile za dobi, ili watoto wasilale njaa. Chini ya kidevu cha mzee kuna mstari ambao ndevu hazioti. Na ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia haijaamka. Taulo la moto analipima kwa mkono wa kushoto.

Ile picha ya shingo, aliyoikwepa muda wote ule, ilipigwa kwa muda mfupi kuliko kunyoa ndevu.